Bi Skolastika Achagua Kalamu

"Mwenzangu, hivi wewe ukienda kusali alfajiri, mkononi unashika nini?"

Bi Skolastika aliulizwa swali hilo na jirani yake, Bi Zawena, siku moja walipokuwa wamekaa kibarazani wakichambua mchicha. Akajibu kwamba anashika rozari. Bi Zawena akasema rozari ni kitu kizuri, yeye hana neno nayo, ila yule mtu anayevizia watu korongoni hana dini. Bi Skolastika akaendelea kuchambua. Alikuwa mjane wa karibu mwaka mmoja, na katika mwaka huo alikuwa amejua jambo ambalo hakufundishwa shuleni wala kanisani: kwamba mtu anaweza kuchambua mboga, kupika, kufua na kuitikia salamu za watu wote mtaani, na mwenyewe asiwepo.

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Wenyeji wanaijua, na wageni hupelekwa hotelini moja kwa moja wasipate taabu ya kuiona. Ilikuwa nchi ya amani. Hilo halina ubishi, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa kituo cha polisi. Fundi aliyeliandika aliibiwa ngazi siku hiyohiyo, akashukuru Mungu kwamba alikuwa ameshashuka.

Kati ya nyumba ya Bi Skolastika na kanisa palikuwa na korongo. Juu ya korongo palikuwa na daraja la miti, na penye daraja palikuwa na nguzo ya taa. Taa haikuwepo. Serikali ilikuwa imeiondoa baada ya uchunguzi wa kina kuonyesha kwamba ilikuwa ikiwamulikia wezi. Tangu iondolewe hakuna mwizi aliyeonekana tena mahali pale, na redio ikatangaza habari hiyo katika mafanikio ya mwaka. Hapo ndipo mumewe, mzee Kastuli, mlinzi wa mashine ya kusaga, alipokutwa asubuhi moja amelala, kichwa kimepasuka, viatu hana, koti hana, tochi hana. Serikali ilisikitika sana. Ilimwita marehemu mfano wa kuigwa.

Bi Skolastika hakutaka makubwa. Alikwenda kwa Bwana Mtendaji wa kata, akamwomba taa irudishwe, taa moja tu, ili yeye na wenzake wavuke kwenda misa ya alfajiri bila kupapasa. Tena akauliza, kama haitakuwa usumbufu, iwapo yupo mtu anayemtafuta aliyemuua mumewe. Bwana Mtendaji alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kukubaliana na kila jambo mpaka mwenye nalo akalisahau. Akamwambia kwamba maombi yote mawili yamekuja wakati mzuri, maana serikali iko mbioni. Serikali ya nchi ile ilikuwa mbioni miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana watu hawakuikuta ofisini.

*

Mbio zile zilizaa Sheria ya Kalamu ya Kujihami.

Mambo yalianzia mbali. Kwanza yalipigwa marufuku mapanga, kwa kuwa wezi walikuwa nayo. Wananchi wakayasalimisha. Wezi hawakusalimisha, lakini hawalaumiwi, kwa kuwa tangazo lilitolewa mchana na mchana wao hulala. Zikafuata fimbo. Baada ya fimbo ikafuata michi, na kina mama wakawa wanasaga karanga kwa chupa. Watu walipobaki na mikono mitupu, na wezi wakawa wanalalamika kwamba kazi imekuwa rahisi mno inaleta uvivu, Mheshimiwa Dokta Ngebe, Waziri wa Usalama wa Mtu Binafsi, alikwenda ng'ambo kwa ziara ya mafunzo, akarudi na kalamu.

Haikuwa kalamu ya hivihivi. Ilikuwa ya chuma kitupu, nene kama kidole gumba, ina meno ubavuni isiteleze mkononi, ina klipu ya kung'ang'ania mfuko, na kitako chake kina ncha ya kuvunjia kioo cha gari. Waziri alieleza kwamba huko alikotoka watu wastaarabu hawatoki nyumbani bila kalamu ya namna hiyo, na kwamba adui akiiona hudhani ni kalamu tu, akaendelea na shughuli zake mpaka ajute. Mtu mmoja aliuliza redioni kioo cha gari watavunja kipi, na magari hawana. Waziri akamshukuru kwa swali zuri. Akasema tuanze na vioo, magari yatafuata.

Kalamu zilipofika bandarini, wataalamu wa Wizara waliziboresha. Walitoa wino, kwa sababu mwananchi mwenye hasira akiwa na wino anaweza kuandika. Filimbi ndogo iliyokuwa kwenye kifuniko wakaiziba kwa nta, isije ikawaamsha polisi. Na kwa kuwa sasa kalamu ilikuwa silaha, sheria ikakataza kuingia na kalamu ya aina yoyote katika ofisi ya umma, hata zile za zamani za kuandikia, hata kama aliyeishika ni karani.

Kwa hiyo Bi Skolastika alipokwenda kituoni kuuliza habari za kifo cha mumewe, alimkuta askari wa zamu amekaa mbele ya karatasi nyeupe, mikono ameiweka juu yake. Askari alimweleza kwa heshima kwamba maelezo yake yataandikwa mara tu kitakapopatikana cha kuyaandikia.

"Kwa sasa yashike kichwani, mama," alisema. "Ila usiyasahau, maana tutakuuliza."

Bi Skolastika akasema hatayasahau. Akarudi nyumbani kwa njia ileile ya darajani.

Sheria ilikuwa na mkia. Baada ya Siku ya Kuchagua, ambayo kila raia angekwenda ukumbi wa kata kujichagulia kalamu yake, mtu yeyote atakayekutwa njiani kabla ya jua kuchomoza bila kalamu, akishambuliwa, itahesabika kwamba amejishambulia mwenyewe, na atashtakiwa kwa kosa hilo akipona. Misa ya kumwombea mzee Kastuli kutimiza mwaka ilikuwa imepangwa Jumamosi, na padri alikuwa na misa moja tu, ya alfajiri.

Bi Zawena alimshauri kama dada. Akamwambia wasibishane na wenye nchi. Akachague hata iliyo ndogo kuliko zote, aitumbukize kwenye mkoba, akamsalie mzee wake.

Bi Skolastika akasema sawa.

*

Lazima ielezwe hapa desturi moja ya gulio la nchi ile, asije mtu akadhani serikali iliitoa hewani.

Wauza nyanya wa gulio lile walikuwa wamechoshwa na wateja wa kubonyezabonyeza. Mtu anakuja, anaminya nyanya hii, anaminya ile, anaondoka na kitunguu. Basi wakaweka sharti: ukigusa umenunua. Watu wakazoea. Siku ya gulio ungewaona wanapita kati ya mafungu, mikono wameifunga nyuma kama wakaguzi, wanachagua kwa macho. Kidole kikigusa, biashara imekwisha, na hata mwenye nyanya mwenyewe hana ruhusa ya kubadili mawazo.

Serikali iliipenda desturi hiyo kuliko zote, kwa sababu inampa mwananchi uhuru wa kuchagua bila kumsumbua kwa nafasi ya kuchagua. Ikaitia kwenye sheria neno kwa neno: kilichoguswa mezani kimechaguliwa, hakirudishwi, na hakuna mwenye mamlaka ya kukibatilisha, awe Mtendaji, awe Waziri.

Siku ya Kuchagua, ukumbi wa kata ulijaa. Mbele palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cha rangi za taifa, na juu yake kalamu zimepangwa kama samaki wa kukaanga. Waziri alikuja mwenyewe, na watu wa redio nyuma yake. Alitoa hotuba. Akasema kalamu njema ya kujihami ni nzito lakini nyepesi, kali lakini ina adabu, na kwamba taifa lenye kalamu mfukoni haliwezi kulala na njaa. Hapo watu walipiga makofi, kwa kuwa lilikuwa neno la kwanza la chakula tangu asubuhi. Akaeleza pia utaratibu wa kuitumia. Kabla ya kuchoma, raia amjulishe anayemshambulia kwa kusema, "Ndugu, naomba nikuarifu kwamba nataka kujihami," halafu asubiri jibu. Jibu lisipokuja kwa muda unaostahili, aulize tena.

Kalamu zilikuwa za madaraja. Ya viongozi ilikuwa ya rangi ya dhahabu na hubebwa na mlinzi. Ya watumishi wa umma ilikuwa na klipu. Ya mwananchi haikuwa na klipu, ili aishike mkononi saa zote asiwe na la kusingizia.

Watu wakaanza kupita, mikono nyuma. Mzee mmoja aliyekuwa mbele ya Bi Skolastika aliishiwa nguvu za magoti akataka kujishikiza, na mkono wake ukatua kwenye chupa ya maji ya Bwana Mtendaji. Bwana Mtendaji akasema kwa upole kwamba ile ni chupa yake tu ya kunywea, na hata kifuniko kinavuja. Lakini Waziri aliona watu wa redio wanamtazama, akasimama, akakunjua mabega.

"Sheria ni msumeno," alisema. "Hukata mbele na nyuma. Raia huyu amechagua chupa, na serikali yake haitamwingilia. Kilichokuwa mezani kimeguswa. Mpeni chupa yake."

Mzee akapewa, akafundishwa kuishika kwa shingo. Aliondoka amejihami, anakunywa.

*

Mwisho wa meza alisimama Kocha Radi, Mshauri wa Taifa wa Kujihami. Alikuwa kijana mpana, mwenye sauti ya kubembeleza, na aliajiriwa kwa uzoefu. Walipomuuliza kwenye usaili uzoefu wake ni wa upande gani, wa wanaojihami au wa wale wengine, alijibu kwamba pande zote anazimudu. Kamati ilifurahi kumpata mtu anayeijua kazi kwa vitendo, ikaacha maswali hapo.

Pembeni yake ulisimamishwa mgomba uliovishwa shati. Kila aliyechagua kalamu aliuchoma mara moja, Kocha akamrekebisha mkono, na Bwana Mtendaji akatangaza kwamba jambazi amedhibitiwa. Kufikia saa nne mgomba ulikuwa umelowesha shati zima kwa utomvu, na uhalifu ulikuwa umeshuka kuliko mwaka wowote. Lakini kabla ya kumruhusu mtu kuchoma, Kocha alimmulika machoni kwa tochi, kuona kama jicho lina ujasiri.

Bi Skolastika aliiona tochi akiwa bado watu kadhaa nyuma. Macho yake yalikuwa mazuri, na hakuwa na kazi nyingine ya kuyapa. Ilikuwa ndefu, ya bati. Nyuma, pale kifuniko kilipopotea, palikuwa na kifuniko cheupe cha chupa ya dawa ya kikohozi, na juu ya kifuniko umezungushwa mpira mwekundu wa tyubu ya baiskeli, ukafungwa fundo la kufungia miguu ya kuku. Fundo lenyewe lilikuwa limeelekea kushoto, kwa kuwa aliyelifunga anatumia mkono wa kushoto.

Alisubiri moyo wake ushtuke. Haukushtuka. Ulikaa tu mahali pake, kama na wenyewe uko kwenye foleni.

Zamu yake ilipofika, Kocha Radi alimmulika jicho moja, akamulika la pili, akasema macho ya bibi ni makavu, mazuri sana kwa kazi hii. Akamchagulia kwa kidole, bila kugusa, kalamu nyembamba ya mwisho.

"Ile pale itakufaa, bibi. Unapita wapi alfajiri?"

"Darajani."

"Eh, darajani pazuri." Akashusha sauti kama mwalimu anayempenda mwanafunzi. "Sikiliza nikupe mfano. Mtu anatoka zamu, amechoka. Koti zito, mkono haunyanyuki. Tochi kaishika mkono wa kulia, anaangalia mbao asikanyage ile iliyooza. Wewe umekaa nyuma ya nguzo, upande wa kanisa. Usimpige akija, atakuona. Mwache apite. Akishapita nguzo, piga nyuma ya sikio. Hapa. Hatapiga hata kelele."

"Hatapiga kelele," Bi Skolastika alisema.

"Hata kidogo. Atasema tu kama anamwita mtu, halafu basi."

Bi Skolastika akauliza huyo mtu anayepita, anayeshika tochi, ndiye jambazi au ndiye anayejihami. Kocha akafikiri, akacheka, akasema mfano ni mfano, bibi, usiuchimbe. Akaiweka tochi mezani ili amwonyeshe kwa mikono miwili namna ya kuzungusha kiuno.

Bi Skolastika alifungua mikono yake kutoka nyuma, akanyoosha wa kushoto juu ya kalamu zote, akaweka kiganja chake juu ya tochi.

*

Bwana Mtendaji ndiye aliyeona kwanza. Akamwambia kwa upole kwamba ile siyo kalamu, mama. Bi Skolastika akasema anaona. Akamwambia ni ya Kocha, ameisahau tu hapo. Bi Skolastika akasema ilikuwa mezani.

Watu walianza kucheka, na mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba ukigusa umenunua. Wengine wakaitikia hivyohivyo, kama gulioni. Watu wa redio wakasogeza vyombo vyao. Waziri akacheka kidogo na yeye, cheko la mtu anayetafuta mlango, akasema mama huyu ana utani mzuri, akamwomba achukue kalamu na tochi wataijadili baadaye kiofisi.

Bi Skolastika aliichukua tochi, akaiweka kwenye kiganja. Aliongea kama anavyoongea na muuza mafuta ya taa, bila kupanda wala kushuka.

"Mheshimiwa, tochi hii ni ya mume wangu, Kastuli, mlinzi wa mashine. Siku aliyouawa alikuwa nayo. Mpira huu niliufunga mimi, na ndani nilitia medali ya Mama Maria, imlinde njiani."

Akafungua fundo. Mpira ukajikunjua, kifuniko cha dawa kikaachia, na medali ndogo ikaanguka juu ya kalamu za chuma. Ililia kidogo sana, lakini ukumbi mzima uliisikia.

Kocha Radi alisema aliinunua gulioni. Kisha akasema alipewa na mtu. Kisha akasema aliiokota darajani, na alikuwa amekusudia kuirudisha. Kila jibu lilikuwa zuri, ubaya wake yalitoka yote kwa pamoja.

Waziri akakunja uso. Alisema hili ni jambo zito, na serikali yake haifanyi mzaha na mambo mazito. "Liandikwe," akasema. "Sasa hivi. Hapahapa."

Bwana Mtendaji akavuta karatasi. Akaangalia meza. Kalamu zilikuwa zimejaa kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, na wananchi wote ukumbini walikuwa na kalamu mikononi, wakamnyooshea kwa moyo mmoja. Akajaribu moja. Ikachana karatasi. Akajaribu ya watumishi wa umma, yenye klipu, ikachana zaidi. Mlinzi akaleta ile ya dhahabu kwa mikono miwili, Waziri mwenyewe akaishika, akaandika kwa herufi kubwa na kwa madaha, watu wakasimama kuangalia. Alipoinua mkono, karatasi ilikuwa nyeupe na ina tundu.

Waziri alifikiri. Kisha uso wake ukakunjuka, maana hakuwa waziri bure. Akasema mambo yote muhimu ya nchi yamehifadhiwa vichwani mwa wananchi wake, na hili nalo litahifadhiwa. Litunzwe na mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri na anayelijua suala lenyewe kwa karibu, mpaka wino utakapopatikana. Akatazama huku na huku, akamteua Kocha Radi.

Kocha akainamisha kichwa kuupokea wajibu. Watu wachache wakapiga makofi, kwa mazoea.

"Basi mama," Waziri akasema, na chombo cha redio kikasogezwa karibu na kidevu cha Bi Skolastika, "serikali imekusikia. Umepata haki yako ya kuchagua. Hebu waambie wananchi wenzako, umechagua nini na kwa nini, na kama una neno la shukrani."

Bi Skolastika alikuwa anazungusha mpira. Aliirudisha medali mahali pake, akakaza kifuniko cha dawa ya kikohozi, akafunga fundo lake la kuku, akalivuta kwa meno. Hakuwa na haraka, na kwa kuwa watu wa redio walikuwa wanasubiri, kila mtu alisubiri.

"Niliomba taa," akasema. "Nimechagua taa."

Akabonyeza. Tochi ikawaka. Betri zilikuwa mpya, za serikali, zimetiwa kwa kufungua upande wa balbu. Akaipandisha taratibu, mpaka mwanga ukatua usoni mwa Kocha Radi, jicho la kwanza, kisha la pili, kama yeye alivyowafanyia watu tangu asubuhi. Kocha alifumba macho. Akageuza shingo, akaweka mkono nyuma ya sikio lake mwenyewe, pale alipofundisha.

Waziri akauliza tena kama lipo neno la shukrani.

Bi Skolastika alishusha tochi, akavuta khanga begani, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimpisha, wengine wameficha kalamu zao nyuma. Nje jua lilikuwa limepanda hata vivuli vimefupika. Hakuizima. Akatoka mlangoni ikiwaka mkononi, akashika njia ya korongoni.